Umutesi Katika Madaftari Matatu

Wengi katika ofisi ya elimu pale Goma waliiona kazi ya Bulonza kuwa kavu kama makayabo, samaki wa chumvi. Kila mwaka alipokea fomu za shule, akajumlisha wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari, kisha akagawanya kwa idadi ya vijana wa umri huo. Mwaka huu wakubwa wa Kinshasa walitaka kuchora mistari mitatu ya kiwango hicho, Kongo, Rwanda na Uganda, kwa miaka ishirini, waone nani anapanda na nani anashuka. Bulonza alipewa Kivu ya Kaskazini.

Jambo moja lilimsumbua. Vita vilikuwa vimewatoa watu wengi Rutshuru, lakini hesabu ya mkoa wake ilizidi kupanda. Akarudia fomu moja moja, mpaka akakuta shule moja ya Rutshuru imeleta mbili: ya kijijini, na ya kambi ya wakimbizi upande wa Lac Vert. Kila moja ilionyesha wanafunzi arobaini na mmoja katika darasa la mwisho. Majina yalikuwa yale yale.

"Chukua moja, nyingine weka pembeni," alisema mkubwa wake, Papa Edmond.

Lakini Bulonza alitaka kujua hao arobaini na mmoja wako wapi hasa. Kesho yake akapanda moto, pikipiki ya abiria, akapita Ndosho, akaenda kambini.

Shule ilikuwa turubai lililosimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano. Prefe wake, yaani mkuu wa shule, Habarurema, alimpokea kwa wasiwasi, akidhani amekuja kuifunga.

"Sikudanganya, mama," alisema. "Tulipokimbia, mwenzangu Twagirimana alibaki na wanafunzi wengine kule. Tulinakili daftari, kila mutu akabaki na lake. Hakuna aliyependa kufuta mutoto."

"Na ukiwafuta wasiokuwepo?"

"Siku mumoja akitokea anataka kufanya egzameni ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza shule, nitamwambia nini? Kwamba hakuwa wetu?"

Bulonza akatoa kalamu. Akamwomba aite majina. Waliosema "présent" walikuwa kumi na tisa. Kwa wengine, darasa lenyewe lilijibu: huyu amebaki kijijini, huyu ameolewa Masisi, huyu hatujui. Wakafika kwa Umutesi.

"Umutesi iko Uganda," alisema Kaswera, msichana aliyekaa mbele. "Anasoma kule kambini. Wamemurudisha madarasa mbili nyuma, sababu ya Kiingereza."

Kalamu ya Bulonza ikasimama. Umutesi alikuwa katika daftari la kijijini, katika daftari la Lac Vert, na bila shaka katika daftari la Waganda. Msichana mmoja, kwa kukimbia tu, alikuwa akipandisha nchi mbili. Akawaeleza wanafunzi habari ya ile mistari ya Kinshasa.

"Mama, wakimuhesabu kule tu, Kongo inashuka?" Kaswera aliuliza.

"Kidogo sana, lakini inashuka."

"Na kule kurudishwa nyuma, mustari unakuonyesha?"

"Hapana. Unauliza tu nani yuko darasani."

Kaswera akafikiri. "Basi hauulize mengi."

Darasa likacheka, na Bulonza akacheka nao, ingawa maneno hayo yalimfuata njia nzima ya kurudi.

Alimpigia simu Twagirimana. Naye aliita majina yake, akapata kumi na wanne. Walibaki wanane waliotawanyika. Bulonza akawaandika kwenye karatasi ya peke yao, kila mmoja na mahali alipo, au neno "hajulikani", akawapelekea maprefe wote wawili nakala, ili asiwepo wa kufutwa kabisa. Kwenye hesabu akaweka thelathini na watatu.

Papa Edmond aliisoma karatasi hadi jumla. "Umetushusha."

"Tulikuwa chini tangu mbele, kabla ya karatasi hii, papa. Hatukuona tu."

"Na shule zenye fomu mbili mbili ni ngapi?"

"Sijajua. Rundo lile lote la fomu bado."

Bulonza alidhani atakatazwa. Edmond akavua koti, akavuta kiti, akachukua nusu ya rundo na kuanza kupiga simu. Shule ya kwanza haikupatikana. Ya pili, prefe aliuliza kwanza kama wana nafasi ya kusikiliza, kwa sababu habari ya darasa lake ni ndefu.

"Tuko nayo," alisema Edmond, akamwashiria Bulonza asogee karibu asikie.