Chupa ya Ndimu

Kitendawili: nilimnywesha maji akawa uji, nikageuka kidogo akawa jiwe. Ni plasta. Wifi yangu alifanana nayo, ila yeye uji hakuwahi kuwa.

Mume wangu alipofariki, karakana yake ya maua ya plasta ya kupambia dari ilibaki na ufunguo mmoja, nao wifi akauvaa shingoni. "Mali ya kaka yangu," alisema. Mimi niliyekoroga plasta humo miaka kumi na tisa nilikuwa mpita njia.

Baba mkwe akachoka na kelele zetu. "Kesho kila mmoja amwage ua lake. Litakalotoka zima, mwenyewe achukue ufunguo."

Asubuhi nikakuta chupa yangu ya maji ya ndimu haipo. Ndimu huchelewesha plasta kuganda. Kijiko kimoja kwa ndoo, unapata nafasi ya kujaza kila kona ya kalibu inayolipa ua umbo. Bila ndimu, dakika kumi tu, kwisha.

"Wifi, umeiona chupa yangu?"

"Siri ya kaka yangu hairithiwi na mke."

Basi nikasugua ndoo mpaka ikalia, maana chembe ya plasta ya jana huharakisha ya leo. Nikatia maji baridi, nikakoroga mara chache, nikamwaga mbiombio.

Yeye akamimina chupa nzima ndooni, akajaza kalibu yake kwa madaha.

"Unakimbizwa na nani, mwanamke wewe?"

"Na jiwe," nikamjibu.

Plasta yangu ikapata joto chini ya kiganja, inaganda hiyo. Ua likatoka zima, lina kovu dogo pembeni. Ya wifi ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

"Ngoja, binti yangu," baba mkwe akasema.

"Nimngoje huyu anicheke?" Wifi akapindua kalibu. Uji mweupe ukajaa viatuni mwa baba yake.

"Umetia nini humu?"

"Anachotia yeye!"

"Kiasi gani?"



Baba mkwe akaunyooshea kidole ufunguo. Wifi akaunyofoa shingoni, akaudidimiza kwa kisigino ndani ya ule uji sakafuni. "Haya, inama uokote."

Sikuinama. Nilikaa kigodani nikamtazama mpaka akatoka. Uji ule uliganda siku ya tatu, nami nikaupasua kwa patasi, taratibu, mlango wazi, ili asikie huko kwake kila pigo.