Kipande Alichokikataa Otilia

Tangu gari lilipoingia Matehuala, mji wa kwao, machale yalimcheza Otilia. Dada yake Herminia alikuwa akizungumza na baba yao uani, na alipomwona alinyamaza ghafla, akafuta mikono kwenye aproni na kuja kumkumbatia kwa vicheko vingi mno. Vicheko vile Otilia anavijua. Ni vya mtu mwenye jambo analoficha.

Otilia na mumewe Fermin wanaishi San Antonio, ng'ambo ya mpaka. Kila Krismasi hujaza gari mablanketi, viatu na mizigo ya watu, wakateremka kusini kutwa nzima hadi kwa baba yake Otilia, mzee Crescencio. Hukaa mpaka siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, kisha hao, wamerudi. Kutoka hapo hadi Krismasi nyingine ni simu tu. Otilia husema kazi haimruhusu, na ni kweli, ila si kweli sana.

Safari hii hata chumba chake hakikuwa chake. Kitanda kilisukumwa ukutani, na katikati pamekaa cherehani ya Herminia. Akiingia jikoni, mazungumzo yanageuka kuwa bei ya nyanya. Akitoka tu, minong'ono inaanza upya.

"Wanauza nyumba," alimwambia Fermin. "Au wameshaiuza."

"Wanapika tu, mke wangu."

"Wewe hata ukiibiwa soksi miguuni utasema zimekwenda kufuliwa."

Lakini kilichomuuma si nyumba. Kilichomuuma ni wazo kwamba watu hawa wameshazoea kuishi bila yeye, na wala hawaoni pengo. Hilo ndilo alilotaka kulijua, na hilo ndilo ambalo hakuthubutu kuliuliza.

Siku ya Mamajusi Herminia alileta mezani mkate wa mviringo aliouoka mwenyewe, umepambwa matunda yaliyokaushwa kwa sukari. Ndani yake, kama ilivyo ada, kulifichwa kidoli cha Mtoto Yesu. Kila mtu hukata kipande chake, na atakayekipata kidoli kwisha habari yake: tarehe mbili Februari, sikukuu ya Mishumaa, yeye ndiye atakayewapikia wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake na kupikwa kwa mvuke, na wote maana yake wote, majirani pamoja. Hatumi mtu, anakuja mwenyewe. Ndiyo maana wako wajanja wanaokificha shavuni wakaendelea kutafuna kama vile hakuna kitu.

"Anza wewe, mdogo wangu," Herminia alisema akimpa kisu. "Wewe ndiye mgeni."

Mgeni! Neno hilo lilimchoma.

"Kata hapo penye tini."

"Kwa nini hapo?"

"Basi tu. Pameiva vizuri."

Otilia akainua macho. Baba yake alikuwa akitazama kisu. Majirani wawili waliokaa karibu na mlango nao walikuwa wakitazama kisu. Hapo akauona mchezo wote, au alidhani ameuona. Wanataka kumbebesha kidoli wakijua Februari hatakuja, kisha mtaa mzima uimbe kwamba Otilia kamtupa baba yake na kumkimbia Mtoto Yesu.

"Haya," alisema. Akauzungusha mkate na kujikatia upande wa pili kabisa. Kisha akakata palepale penye tini akamwekea baba yake, ambaye mikono humtetemeka. "Kipande kizuri apewe mzee."

Herminia alinyoosha mkono kama anayetaka kukizuia kile kipande, akaurudisha. Mzee alitafuna polepole, macho yake yameinamia sahani. Wengine nao wakakata, wakala, mkate ukaisha. Kidoli hakikuonekana.

"Hukukiweka," Otilia alimgeukia dada yake. "Uvivu wa kupika tu huo."

"Nimekiweka kwa mikono yangu hii!"

"Kiko wapi, basi? Kimepaa?"

Herminia alimtazama baba yao, akangoja. Mzee aliendelea kukusanya makombo mezani. "Haya, Otilia," akasema, akizoa sahani huku machozi yakimlengalenga. "Sikukiweka. Umefurahi?"

Kesho yake wakaondoka. Kwenye foleni ya daraja la Laredo, pale mpakani, Otilia alikuwa bado anawashtaki watu, mmoja baada ya mwingine.

"Kuna aliyebaki?" Fermin aliuliza.

"Wewe."

"Mimi nimekosa nini?"

"Sijajua bado."

Walipofika San Antonio alifungua begi, na nguo zikamletea harufu ya moshi wa kuni wa jiko la kwao. Akaketi kitandani akalia. Hamu ya kwao humjia kila mwaka, na kila mwaka huipangusa akaenda kazini. Mara hii iligoma kutoka. Alimtamani baba yake, akaitamani hata ile cherehani katikati ya chumba, na alikuwa ameondoka bila kumbusu dada yake. Akachukua simu, akamuuliza dada yake kwa nini cherehani iliwekwa chumbani mwake.

"Cherehani?" Herminia alisema kwa sauti kavu. "Nilikuwa nakushonea mapazia ya chumba chako. Ungeyakuta mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili?"

"Kidoli kilikuwa chako, mjinga wewe! Baba ndiye aliyeniambia nikiweke chini ya tini. Alisema, Otilia nikimwomba aje atanitajia kazi, lakini akimpata Mtoto Yesu mkateni, huyo atakuja tu. Hata majirani tuliwaambia. Tumepanga wee, wewe ukaugeuza mkate."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba hataki kuomba."

"Nipe niongee naye."

Kulikuwa na kukwaruza kwingi, kisha sauti ya mzee. "Mwanangu, mmefika salama?"

"Tumefika, baba. Kile kidoli... nani alikipata?"

"Hakuna. Mwaka huu hakuna aliyekipata. Usijali, najua kazi zako ni nyingi."

Nyuma ya sauti yake kulisikika kitu kidogo, kigumu, alichokuwa akikigongagonga mezani. Otilia akakikumbuka kile kipande cha tini alichompa.

"Nilikipata mimi, baba," Otilia alisema. "Nilikificha shavuni. Nisamehe. Februari nakuja kupika."

Kule kugongagonga kukakoma. Alisikia baba yake akivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Nilijua tu," mzee alisema. "Mwongo wewe tangu mdogo. Basi njoo siku moja kabla, maganda ya mahindi lazima yalale majini."