Nafasi ya Kifungua Mimba

Walipokwisha kumzika baba yao, dada mkubwa na kaka walirudi makazini, wakamwachia kitinda mimba kazi moja: atengeneze ukurasa wa kumbukumbu mtandaoni, wenye picha ya mzee na majina ya familia. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu, na lugha ya JavaScript ndiyo iliyomlisha.

Alikaa sebuleni na kompyuta yake, mama pembeni akikunja mashati ya marehemu. Akaandika konstrakta, yaani kile kipande cha programu kinachoijenga familia kutokana na majina kinayopewa: baba, mama, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Programu ikakubali.

"Mama, njoo uone."

Mama akavaa miwani, akasoma, akaweka kidole kwenye jina la dada mkubwa. "Huyo siye wa kwanza," akasema.

"Kwani dada si ndiye kifungua mimba?"

"Kabla yake nilizaa wa kiume. Hakumaliza hata wiki. Baba yako alimzika, akaniambia tusimtaje tena, tutatonesha kidonda." Akalikumbatia shati alilokuwa nalo. "Sasa wa kunikataza hayupo. Mwandike."

Akamtamkia jina. Mwanawe akaliandika mbele ya majina ya ndugu zake, akafungua ukurasa upya.

"Mbona wewe sikuoni?" mama akashtuka.

Kweli, jina lake halikuwapo. Nafasi zilikuwa za watoto watatu, na JavaScript ikipewa wa nne hailalamiki. Humwacha nje kimyakimya. Alilijua hilo tangu anaanza kazi, lakini siku hiyo lilimchoma. Miaka yote mama alikuwa na wanne moyoni, huku watu wakimhesabia watatu.

"Ngoja, mama."

Akafuta zile nafasi tatu, akaandika neno moja tu, watoto, akalitangulizia nukta tatu.

"Hizo nukta za nini?"

"Zinaiambia programu ipokee watoto wote itakaopewa, hata wawe wangapi."

"Laiti baba yako naye angeambiwa hivyo," mama alisema, na machozi ambayo makaburini hayakutoka yakaanza kumtiririka.

Jina lake liliporudi, akawatumia ndugu zake ukurasa. Haukupita muda, simu ikalia. Dada mkubwa. "Huyu wa juu yangu ni nani? Umekosea?"

"Sijakosea, dada. Ongea na mama."

Akampa simu, akaenda jikoni, akaegemea sinki. Kutoka sebuleni akamsikia mama akijikohoza: "Mwanangu, kaa chini kwanza."