Chombo Mabegani

Wifi hakuanguka majini. Angeanguka majini, angetoka akicheka na kusema alikuwa anaoga. Alianguka nchi kavu, hatua chache kutoka kwenye chombo, ameshika sufuria tupu, na jiwe lililomwangusha halikuzidi ngumi ya mtoto.

"Usiniguse," alimwambia Fundi aliyekuja mbio. "Nimekaa tu."

"Umekalia sufuria, wifi."

"Sufuria yangu, makalio yangu. Wewe yanakuhusu nini?"

Fundi alicheka mpaka alipouona mguu. Kifundo kilikuwa kinavimba huku anakitazama, na Wifi, mtu asiyejua kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza.

Hapo walikuwa wamefika mwisho wa mto, pale unapobaki kijito cha kuruka. Walitoka unakomwagikia baharini, wakipiga makafi kinyume cha mkondo, wanawake wawili waliokwisha kuwa bibi za watu, katika chombo chembamba cha mbao nyepesi na turubai. Mchana kilikuwa gari lao, usiku nyumba yao. Mbele yao sasa ulikuwa mlima, na nyuma ya mlima ulianza mto mwingine, unaoteremka hadi ziwani. Nia ilikuwa kukibeba chombo mabegani, kuuvuka mlima, kukitia tena majini na kuendelea. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Wifi: kutoka maji ya chumvi hadi ziwani, pasitumike nguvu nyingine isipokuwa ya mikono na miguu yao. Si injini, si tanga, si kuvutwa kwa kamba, hata anayejitolea awe na moyo mweupe namna gani.

Wifi alikuwa na haki ya kuweka masharti. Aliacha kazi ya kufundisha michezo shuleni, akagawa vitu vya nyumba, akahamia majini watu wakiwa bado wanabishana kama ni wazimu au ni mapozi. Hakukaa ukingo mmoja msimu mzima. Sabuni hakuigusisha mto. Alioga na kufua mbali na maji, uchafu akaumwagia mchanga. Kila taka yake aliifungia guniani, akaibeba mpaka apate pa kuitupa panapostahili.

Fundi alikuja baadaye. Alikuwa mke wa kaka yake Wifi, fundi cherehani mwenye duka la dirisha moja na kioo kilichopasuka pembeni, ambaye alikalia stuli moja tangu ujana mpaka stuli ikashika umbo lake. Mume alipofariki, binti yake alikuja dukani, akasimama katikati ya sare za shule zilizoning'inia, akasema, "Mama, njoo ukae kwangu. Utapumzika."

Wifi alikuwapo siku ile, amekuja kushonewa kiraka cha turubai. "Amekaa maisha yake yote," alisema. "Sasa mnataka kumpumzisha kwa kumkalisha?"

Fundi alipotangaza kwamba anakwenda majini, binti alicheka, na kwa upendo kabisa. "Mama! Ngazi za kwangu tu zinakutoa pumzi."

Aliyachukua maneno hayo akaondoka nayo. Alichukua na cherehani chake cha mkono, chuma kizito ambacho Wifi alikilaani kila siku, akawa anawashonea watu wa ukingoni na kurudi na unga na mboga. Lakini moyoni alijihesabu abiria. Safari ilikuwa ya Wifi. Yeye alikuwa mpishi, mshona viraka, na mtu wa kafi la pili.

Karibu na kijito palikuwa na ghala la mbao na barabara ya vumbi inayopanda mlima. Fundi alimbeba Wifi mgongoni mpaka humo. Ndani palinuka unga wa msumeno, na maranda yalitapakaa sakafuni yamejikunja kama nywele za kichanga. Wapakiaji walikuwa wanakaza kamba za mwisho juu ya lori. Dereva, mtu wa makamo mwenye kitambaa shingoni, aliutazama mguu akatikisa kichwa.

"Huo si wa kukandwa, mama. Zahanati iko ng'ambo, pale pale mtoni, na mimi ndiko niendako. Pandeni. Hicho kimtumbwi chenu tutakiweka juu ya mbao."

"Hatupandi," alisema Wifi.

"Ni bure, mama."

"Hata ukinilipa."

Dereva alimgeukia Fundi, kwa macho ya mtu anayetaka kujua kama mgonjwa ameumia na kichwani pia. Fundi akamweleza sharti. Dereva akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Sasa mkipanda, nani atajua?"

"Mimi," alisema Wifi. "Nitafutieni gongo, nitachechemea."

Fundi aliubonyeza mguu kwa kidole gumba. Wifi alitoa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Basi," alisema alipopata pumzi, "tugeuze. Tushuke tulikotoka. Sijaupandisha mto wote huu nije kumalizia nimelazwa juu ya mbao kama ubao."

Kugeuza! Fundi aliitazama mikono yake. Pale vidoleni palipokuwa na alama za sindano palikuwa na sugu za kafi, na sugu hizo hakuazimwa na mtu.

"Wifi, mto huu uliupandisha peke yako?"

"Nani kasema?"

"Wewe. 'Sijaupandisha.' Mimi nilikuwa wapi, nimelala?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Basi na mimi nina namna yangu. Wewe unapanda lori. Chombo hakipandi, na mimi sipandi. Nakivusha mwenyewe."

Wapakiaji waliacha kamba. Wifi akacheka kicheko kikavu. "Wewe? Wewe wa ngazi?"

Lilimtoka tu, na alipoliona limetua wapi, akaangalia pembeni. Fundi hakukasirika. Alichuchumaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Ndiyo, mimi wa ngazi."

"Nikipanda gari, safari yangu imekufa. Unalijua hilo?"

"Najua. Yako imekufa tangu ulipokalia sufuria. Yangu bado inapumua. Unataka kuzizika zote mbili ili yako isilale peke yake?"

Wifi aliinama, akaokota randa moja, akalinyoosha, likajikunja tena. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Cherehani basi kije na mimi. Kile chuma kitakuua."

"Cherehani ni changu. Kinavuka na mimi."

"Na gunia la taka nipeni," dereva alisaidia. "Nitalitupa huko njiani."

"Hapana!" walisema wote wawili kwa pamoja, kwa ukali hata akarudi nyuma.

Walimpandisha Wifi mbele, karibu na dereva. Lori lilipong'oka alitoa kichwa dirishani akapiga kelele katikati ya vumbi: "Usikibebe ukiwa na hasira! Pumzika kabla hujachoka! Na usikilaze chini, utashindwa kukiinua!"

Ulikuwa ushauri mzuri. Fundi alishukuru kwamba hakuwa na nafasi ya kumwambia hivyo.

Jioni hiyo, mlangoni mwa ghala, alichukua koti la marehemu mumewe alilokuwa akililalia kama mto, akalikata mikono, akaijaza sponji ya godoro na kuishona ncha zote. Akaifunga kwenye ubao unaokingama katikati ya chombo, pale mabega yanapokaa. Wapakiaji walimtazama akizungusha mkono wa cherehani, mmoja akasema, "Mama, unashona mlima?"

"Nashona mabega," alijibu. "Mlima upo tayari."

Asubuhi aliegemeza pua ya chombo kwenye panda ya mti, akaingia chini yake, akauweka ubao mabegani na kusimama taratibu kwa nguvu za mapaja. Chombo kikainuka. Kilimfunika kichwa kizima. Alichokiona ni miguu yake na kipande kidogo cha barabara. Akaanza kupanda. Alikifikisha chombo kwenye kona, akakiegemeza mtini, akarudi kwa ajili ya cherehani na matandiko, akarudi tena kwa ajili ya vyombo, unga na gunia la taka. Kila kona aliipanda na mzigo, akaishuka mtupu, akaipanda tena. Mbuzi waliokuwa malishoni walimzoea.

Kesho yake, kwenye mwinuko mkali kuliko yote, gari dogo lililobeba kreti tupu lilisimama ubavuni mwake. Hapakuwa na jicho jingine mlimani.

"Mama, nikusogeze?"

Kilichomtisha ni jinsi neno ndiyo lilivyomjaa mdomoni. Alilimeza.

"Nafika hapo tu," alisema kutoka ndani ya chombo.

"Hapo wapi?"

"Ng'ambo."

Mwenye gari alipiga mluzi akaenda zake. Fundi alisimama mpaka mlio wa injini ulipopotea, kisha akajikaza kisabuni, hatua moja, na nyingine, na nyingine. Alipofika kileleni alikiegemeza chombo akanyoosha mgongo. Huko chini mto wa pili ulimetameta kama mkasi uliofunguliwa. Pumzi yake ilikuwa inatoka na kurudi, inafanya kazi yake. Alijipigapiga begani, kama mtu anavyompongeza mwenzake, kisha akashuka kuufuata mzigo uliobaki, maana pongezi hazikuvusha gunia.

Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa mfupi wa maduka, na nyuma yake ndio mto. Wifi alikuwa kwenye benchi la nje, mguu umefungwa plasta nyeupe, na mtaa mzima ulishaijua habari. Alikuwa ameisimulia mpaka kinyozi akamwomba apumzike. Mtoto mmoja alipiga yowe: "Mtumbwi unatembea!" Watu walitoka madukani. Wanaume wawili wakakimbilia kuupokea.

"Msimguse!" Wifi alisimama kwa mguu mmoja na gongo hewani. "Atakayemsaidia nitamvunja! Mpisheni njia! Mpisheni!"

Wakampisha. Fundi alipita katikati yao polepole, haoni kitu ila viatu vya watu, akateremka mpaka ukingoni, akapiga magoti, akakigeuza chombo na kukitia majini. Kilielea. Akarudi mlimani kufuata vilivyobaki kwenye kona ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi mara ya mwisho, gunia la taka likiwa mgongoni, mganga wa zahanati alikuwa amesimama na Wifi karibu na chombo.

"Kwa hiyo ninyi wawili," mganga aliuliza, "mmetoka baharini mpaka hapa kwa mikono yenu?"

Fundi alifungua mdomo aseme ndiyo. Wifi alimwahi.

"Yeye," alisema, kwa sauti ambayo hata mwenye duka la mwisho aliisikia. "Mimi nilipanda gari. Huyu hapa, mke wa kaka yangu, ndiye aliyetoka baharini kwa mikono yake. Mtazameni vizuri."

Wakamtazama. Fundi naye hakuangalia chini. Alisimama na vumbi lake na gunia lake, akajiacha atazamwe.

Walipobaki peke yao, Wifi aliketi ukingoni akagonga plasta kwa kucha.

"Hii ikitoka nitarudi mpaka ghalani, nianze pale nilipoishia, nivuke kwa miguu yangu. Siwezi kuacha tundu katikati ya safari."

"Vizuri. Nitakusindikiza."

"Najua utanisindikiza. Tutapanda tunaongea, mikono mitupu, matembezi tu."

"Mikono mitupu ni yangu, wifi," alisema Fundi, akijinyoosha kwenye nyasi na kufumba macho. "Mimi changu nimeshavusha. Chombo utakibeba wewe."