Posa ya Besiboli

Nimepeleka posa nyingi hapa Buyenzi, na majibu ya wazee nayajua yote. Kuna anayesema subirini tuulizane ndugu, kuna anayesema msichana bado anasoma, kuna anayekohoa tu na kuagiza chai. Mzee Aboubacar peke yake ndiye aliyenijibu kwa besiboli.

"Mwanvua, umulete huyo kijana Jumamosi, nyuma ya Alasiri," aliniambia. "Tucheze. Mutu unamujua mu muchezo."

Huyo kijana ni Huseni, mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi wa simu kule Asiatique, jirani na duka langu la vitenge. Alikuwa anamtaka Lubna, binti wa mzee, anayesomea uuguzi Kamenge, na Lubna alikuwa anamtaka yeye. Lililobaki lilikuwa neno la baba tu. Na baba mwenyewe alikuwa ameganda mbele ya televisheni akifuata kampira keupe kwa macho.

Mzee Aboubacar maisha yake yote alikuwa bandarini, akiwatolea watu mizigo yao forodhani. Sifa yake ilikuwa moja, kwamba cha uongo hakipiti mbele yake. Ukimwambia gunia ni la sukari, analitoboa, anaonja. Goti lilipomkatalia akastaafu, na mwanawe Khaled aliyeko Canada akamtumia mashine ya michezo ya kwenye televisheni ili asizeeke kwa kutazama ukuta. Mchezo uliokuja nayo ulikuwa huo huo mmoja, wa besiboli, ambao Buyenzi hakuna aliyewahi kuuona. Mtu anatupa kampira, mwingine anakangoja na gongo, akikapiga anatimua mbio kuzunguka uwanja mpaka arudi pale pale alipoanzia. Nilipoelezwa hivyo niliuliza kwa nini asibaki tu alipo. Mzee hakucheka.

Basi mchezo wenyewe, kabla hujaanza, unakuuliza: unataka raha au unataka kweli? Ukichagua raha, kampira kanawaka moto, kanapaa juu ya majengo, na wachezaji hawajui kuchoka. Ukichagua kweli, mtupaji anachoka, anateguka bega, mwamuzi anakosea kama waamuzi wote wa dunia hii, na mvua ikinyesha mchezo unasimama. Mzee alichagua kweli, kisha akatafuta kweli nyingine ya kuongeza juu yake. Hamissi, fundi wa magari wa jirani, alikuja siku moja akaomba moto kidogo tu, wa kuonja. Alifukuzwa na viatu vyake mkononi.

"Muchezo bila makosa ya mwamuzi ni ya batoto," mzee alimwambia, Hamissi akiwa tayari mlangoni.

Mimi mwenyewe nimewahi kuketi sebuleni mwake, jua la Buyenzi likichoma mabati, tukatazama mvua inanyesha ndani ya televisheni. Kuna mahali pa kubonyeza ili mvua ipite. Mzee hakubonyeza. Mvua ni mvua, alisema, na tukaisubiri, yeye ameshika maneti yake ya kuchezea, mimi nimeshika hasira zangu. Ndiyo maana hakuna kijana aliyerudi mara ya pili, na mzee akawa anacheza na mashine peke yake, kutwa.

Sasa, Huseni kwa michezo hiyo hana mpinzani. Kwenye kibanda cha kuchezea pale mtaani, akikaa yeye, wenzake wanakumbuka wametumwa sokoni. Kwa hiyo kabla hatujaenda nilimkalisha chini. Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba mkwe hafungwi nyumbani kwake, tena mbele ya binti yake. Afungwe yeye Huseni, afungwe kwa adabu, tuchukue mke twende zetu.

"Sawa, Shangazi," alisema. "Lakini kidogo nimuonyeshe kama najua."

Jumamosi hiyo alipigwa tisa kwa moja. Wapigaji wake walipunga hewa kama wanaofukuza nzi. Mtupaji wake alichoka kabla chai haijapoa. Wa mzee walikuwa wanapiga na kukimbia, wanapiga na kukimbia, nami nikajisemea: mtoto huyu ana akili, lakini anazidisha, hata mimi nimeona. Mchezo ulipokwisha mzee aliweka maneti chini polepole. Uso wake ulikuwa ule wa bandarini, wa mtu aliyetoboa gunia la sukari akakuta chumvi.

"Umeniachia," alisema.

"Apana, mzee. Wallahi mi nimecheza."

"Usiape. Miaka yangu yote ku bandari hakuna mutu alinipitishia uongo, we mutoto wa simu njo utanipitishia? Njia ya mwongo ni fupi. Mutu akinidanganya ku muchezo, ku nyumba atamudanganya mutoto wangu. Jumamosi ingine utacheza kweli, ao posa yenu muirudishe."

Njiani nilimsifu Huseni kwa utii, nikamwambia tu apunguze chumvi. Alisimama katikati ya barabara.

"Shangazi, mi sikumuachia. Nilichezea kufa. Nimepigwa."

Nikamgonga bega. Nikamwambia vizuri, akiulizwa na watu wengine aseme hivyo hivyo. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyefungwa jela kwa kosa la jirani.

Jumamosi iliyofuata tulifika mapema. Mzee alikuwa bado anatawadha, na kwa goti lile anachukua muda wake. Huseni akachukua maneti, akaingia kule ndani ya mashine kunakopangwa mambo ya mchezo. Fundi ni fundi, hawezi kukiona kitu kinamshinda asikifungue. Nikamwona anasogeza uso karibu na televisheni, kisha anakaa chini taratibu.

"Shangazi, njoo uone."

Mimi Kifaransa changu ni cha kuuzia vitenge, akanisomea. Kwa juu palikuwa pameandikwa ni mchezo wa kweli, na mvua ilikuwapo, na mwamuzi mkosaji alikuwapo. Lakini kwa chini, timu ya mwenyeji ilikuwa na nguvu zake zote, na timu ya mgeni ilikuwa imevutwa chini kabisa. Miguu yao, macho yao, mikono yao, vyote. Timu ya mgeni ndiyo inayochezeshwa na mashine siku zote, na ndiyo aliyopewa Huseni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu alikuwa amefungwa miguu yote miwili, na mimi nikamgonga bega.

Lubna aliingia na sinia ya chai. Akaona televisheni, akaona nyuso zetu, sinia ikaanza kulia vikombe.

"Ni mi," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anapigwa na mashine kila siku. Analala bila kukula, tension ya damu inapanda, docteur anauliza kama ku nyumba kuko matata gani. Ningemujibu nini? Besiboli? Nikabagonjesha wageni kidogo. Ile siku alishinda, alikula samaki mbili." Akamgeukia Huseni. "Sikuwaza kama mugeni atakuwa we."

Nilikasirika, sitaki kuficha. Nilikasirika na msichana, na mzee, na Canada nzima. Nikamwambia Huseni arudishe kila kitu sawa sawa hapo hapo, wacheze, mwenye nguvu ajulikane. Lubna akasema akirudisha, atampiga baba yake kumi na mbili kwa bure, na mzee ataanza tena kulala na njaa. Nikasema basi tumweleze mzee ukweli, si ndiyo anaoupenda? Kule uani tulisikia birika inawekwa chini.

Huseni alikuwa ameshika maneti, kidole kiko juu ya kitufe. Mgeni kuponywa kulihitaji kubonyeza tu. Nilimwona anamtazama Lubna, kisha anatazama kiti cha mzee. Ni kiti cha plastiki chenye mto uliobonyea, kimeelekezwa kwenye televisheni wala si mlangoni, kwa sababu hakuna anayekuja.

"Mi nikimuondolea hii," alisema, "nimubakishie nini?"

Akafunga ukurasa ule bila kugusa kitu.

Mzee aliingia akipangusa mikono, akaketi, hakusalimia sana. "Leo ni leo," alisema. "Lakini mbele ya kuanza nataka neno moja. Ile siku, uliniachia ao hukuniachia?"

Kweli ilikuwa moja tu, kwamba hakumwachia, na kweli hiyo mzee alikwisha kuiita uongo mara ya kwanza. Ukiitetea, utaulizwa imekuwaje fundi mwenye sifa zake apigwe vile, na jibu la swali hilo lilikuwa limesimama mlangoni limeshika sinia.

Huseni aliinamisha kichwa.

"Nilikuachia, mzee. Unisamehe. Niliogopa kukushinda ku nyumba yako."

Mtoto wa kaka yangu! Kijana ambaye kibandani hakubali hata kusema mechi ilikuwa ngumu. Nilitaka kusimama niseme anaongopa, ili ijulikane kuwa ni mkweli. Ulimi niliuuma mwenyewe.

Uso wa mzee ulifunguka wote. "Nilijua!" akapiga paja, lile la goti zima. "Nilijua! Unaona, Mwanvua? Hakuna kitu inanipitia mi. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Haya, mutoto wangu, sasa hakuna tena mambo ya kuogopa. Cheza. Nipige kama unaweza."

Wakacheza. Nami sasa, kwa kuwa nilijua, nilitazama kwa macho mengine, na naapa sijapata kuona mtu anahangaika vile akiwa amekaa. Huseni alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Alijaribu kila ujanja anaoujua na mwingine aliubuni papo hapo, na wagonjwa wake wale walipunga, wakajikwaa, wakaangusha kampira miguuni pao. Mara moja, kwa kudra tu, mmoja wao alizunguka akafika salama pale alipoanzia, kila mtu akaona, hata mimi nisiyejua kitu. Mwamuzi akasema ametolewa.

"Apana!" Huseni alipiga kelele, mara hii ya moyoni. "Amefika! Mzee, umeona, amefika!"

"Amefika," mzee alikubali kwa furaha kubwa. "Lakini mwamuzi amekatala. Njo maisha."

Kisha mvua ikanyesha mle ndani, na wote wawili wakaisubiri, mzee akipuliza chai, Huseni akikausha viganja kwenye suruali. Ilipokatika wakaendelea. Ikaisha kumi na moja kwa bure, mbaya kuliko ile ya kwanza.

Nilishika moyo. Nilidhani sasa mzee atasema umeniachia tena, na tutatoka hapo na aibu yetu. Alimtazama Huseni kwa muda mrefu, akatazama jasho, akaguna kwa kuridhika.

"Sasa umecheza kweli," alisema. "Mutu anaona tofauti. Yampayinka, Mungu wangu, kumbe nakuzidi mbali hivi?"

"Unanizidi, mzee."

"Utajifunza. Kila Jumamosi utakuja, nikufundishe. Hata nyuma ya ndoa."

Hivyo ndivyo nilivyosikia neno la ndoa likitoka kinywani mwake, katikati ya masomo ya besiboli, na ilibidi nijishike nisipige kigelegele kabla halijakauka. Lubna aliweka sinia chini na kurudi jikoni haraka. Nilimfuata. Alikuwa anamenya kitunguu ambacho hakuna aliyekiomba, machozi yanamtiririka. Aliniuliza kama Huseni ataweza, kila Jumamosi, maisha yote. Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba mimi nina miaka mingi kwenye shughuli hizi, nimeona wanaume wakileta dhahabu, wakileta mbuzi, wakileta mashekhe wa kusifu koo zao, na sijaona mwanaume aliyeleta kitu kikubwa kuliko kile, na ole wake anayekipokea asijue kukitunza. Akalia zaidi, safari hii bila kitunguu.

Tuliporudi sebuleni mzee alikuwa ameshika simu, anaongea na Khaled kule Canada kwa sauti ya mtu anayedhani umbali unazibwa kwa kelele. Huseni alikuwa ameketi pembeni yake kwa heshima, macho yako kwenye mkeka.

"Ego, ndiyo, nimemupatia Lubna mutu," mzee alikuwa anasema. "Kijana wa kina Mwanvua. Apana, muchezo hajui kabisa, masikini, hata kidogo. Lakini ni musema kweli, Khaled. Ile huwezi kuiigiza mbele yangu."