Kimeta Kwenye Tangi la Kambi

Sajenti alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kwenye maabara ya kambi. Askari walimwita Mama Darubini. Kozi ya bioteknolojia ilipoletwa, waliandikwa maofisa kumi na wanne ambao wengi wao hawajawahi kushika hata kipimajoto. Yeye alipewa kazi ya kugawa chupa za maji.

Mkufunzi alitoka kwa wauzaji wa kifaa kipya cha kutambua vijidudu vya magonjwa kwa vinasaba vyao. Koti lake jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Siku nne alirusha picha ukutani, akitamka "vinasaba" kama mtu anayemtaja mjomba wake waziri. Kanali alisinzia mstari wa mbele, mdomo wazi, na kila alipozinduka aliandika neno lilelile: Muhimu.

Siku ya tano wakapima maji ya tangi la kambi. Kifaa kikawaka taa nyekundu. Kimeta!

Ukumbi ukageuka soko. Meja, mwenye medali karibu zifike kwapani, akaruka nje kupitia dirishani. Kanali akapiga simu makao makuu, akaamuru kambi ifungwe na mtu asiguse maji.

"Afande," sajenti akasema, "huyu bwana ametumia mrija uleule aliochotea kwenye chupa ya mfano. Mle mna vinasaba vya kimeta, vimewekwa makusudi ili kujaribia kifaa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Sajenti, tuachie wataalamu," Kanali akamkatiza.

"Nawaona, afande. Mmoja yuko kwenye maua huko nje."

Mkufunzi akatabasamu. "Mama, kifaa hiki hakikosei."

"Kifaa sijakisema, baba. Nimekusema wewe."

Akavaa glavu. Kwa mrija wa mkufunzi akapima maji safi ya chupa: nyekundu. Kwa mrija mpya akapima maji ya tangi: kijani. Akarudia mara mbili, taratibu, wote wakimtazama. Mkufunzi alianza kukunja nyaya zake.

Kanali akakohoa, akapiga simu tena. Lilikuwa zoezi la kushtukiza, alisema, na limefana mno.

Mchana vyeti vikagawiwa. Meja alipokea chake akiwa na plasta puani, akapigiwa makofi. Sajenti naye akaandikiwa cha haraka, kwa kalamu.

"Kiweke tu, afande," alisema, akakusanya mirija michafu na kwenda kuitupa.

Nyumbani mumewe akamuuliza kozi imeishaje.

"Wamefaulu wote," akajibu, akavua viatu.