Nguzo ya Mwiko wa Nasawana

"Milioni nane," alijibu Eparama, mwenyekiti wa kijiji cha Nasawana, bila hata kupepesa macho. "Andika, tau, mtani wangu. Dola milioni nane kila mwaka. Mimi na mke wangu."

Akeneta akaandika. Angefanyaje? Swali la kumi na nne lilitaka kujua kaya iko tayari kutoa kiasi gani ili lile eneo la mwiko baharini, lisilovuliwa samaki kwa miaka minne, liendelee kufungwa. Jibu ni jibu. Nyumba ya pili wakamwambia wao hawatoi kitu, bali walipwe kwa kuvumilia sura ya huyo muulizaji. Nyumba ya tatu walitoa paka.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kule chuoni Suva, mji mkuu wa Fiji, walikuwa vijana kumi na mmoja kutoka visiwa mbalimbali, wachumi wabichi, wakifundishwa kukadiria thamani ya vitu visivyo na bei dukani: mikoko, matumbawe, maji ya mto. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Nenda kijijini, rudi Ijumaa na kaya thelathini zenye majibu ya maana. Ukishindwa, huna cheti, na bila cheti ile kazi ya idara ya uvuvi aliyoahidiwa Akeneta ingekwenda kwa mwingine. Daktari Shalendra, mwalimu wao, alimpangia Nasawana akidhani anampendelea. "Lugha yao unayo, mila zao ndizo zako. Watakuona ndugu."

Akeneta hakumwambia kwamba kwao Vunikavoa na Nasawana ni watani tangu enzi za mababu wa mababu, na kwamba mtani akikujibu jambo la maana, basi ujue ni mgonjwa.

Kufikia Jumatano alasiri alikuwa na fomu ishirini na mbili za upuuzi mtupu. Kina mama walikuwa wamempaka poda usoni mara tatu, na viatu vyake alikuwa ameviona vikipita barabarani kwenye miguu ya watu. Akapanda kilimani kutafuta mtandao.

"Daktari, wanasema milioni nane."

"Hao ni wachache waliopitiliza, mwanangu. Waondoe, baki na wengine."

"Nikiwaondoa anabaki mchungaji peke yake. Naye ni wa kuja."

"Basi warudie, uwaulize kwa upole."

Upole! Mwendee mtani kwa upole uone kama hajakukalia kichwani.

Alhamisi asubuhi aliamka akamkuta mwenyeji wake, Bibi Torika, anapepea moto jikoni huku amevaa kofia pana ya Akeneta, ile mpya.

"Bibi, hiyo kofia yangu."

"Ilikuwa yako jana." Bibi akammiminia chai ya mchaichai. "Kwani kwenu hamfundishwi? Mtani haombi, anachukua. Na aliyechukuliwa hakatai. Ukiitaka, ikomboe na kitu kinacholingana nayo thamani. Usiniletee takataka."

Akeneta akaweka kikombe chini. Siku tatu alikuwa akiwauliza watu hawa wangetoa nini, na siku tatu wakimcheka. Kumbe aliuliza akiwa ameshika kalamu, wakati alitakiwa kushika kitu chao.

Maji yalikuwa yamekupwa. Akapandisha sulu yake, kitambaa cha kiunoni, mpaka magotini, akaingia baharini hadi kwenye nguzo ya mwiko, alama ya eneo lililofungwa, ile iliyofungwa makuti kichwani, akaitikisa kama jino bovu. Ikang'oka. Akaitia begani na kukatiza nayo kijijini, inachuruzika matope, mpaka mbele ya ukumbi wa kijiji.

"Enyi wala makome wa Nasawana!" akapaza sauti. "Mwiko wenu nimeuchukua. Kesho kaka zangu wa Vunikavoa wanakuja na nyavu, na hatutawaachia hata kaa mchanga!"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga vigelegele. Kisha wakaitazama tena ile nguzo, wakaona kweli imeng'olewa, na vicheko vikafa kimoja kimoja. Eparama alisimama mlangoni, amekaza taya. Akeneta akaishika nguzo kwa mikono miwili. Utani una mipaka, na hakuwa na hakika kama amesimama upande wa huku au wa kule.

"Huyu mtoto..." Eparama alianza.

"Huyu mtoto ametuweza," Bibi Torika akamkata, kofia kichwani. "Mmekula chakula chake, mmevaa viatu vyake, leo mnanuna? Ni haki yake. Haya, mtani, sema. Tuikomboe na nini?"

"Kila nyumba na chake," Akeneta alisema, akiikaza sauti. "Nisiporidhika, nyavu."

Bibi Torika akatangulia. Aliingia ndani akatoka na mkeka aliousuka miezi mitano, akautandika bila neno. Akafuata mtu na shina zima la kava, mmea wa kinywaji cha heshima, lililokaa ardhini miaka saba. Mambo yakanoga. Sireli, mvuvi mwembamba mwenye maneno mengi, akaleta kuku mzee mwenye jicho moja.

"Kuku?" jirani yake akamrukia. "Wewe Sireli? Wewe unayetega kila siku mpakani mwa mwiko, unabeba samaki wanaotoka humo wamenona kama mapadri? Kuku?"

"Ana mayai!"

"Mayai yako wewe! Rudi!"

Sireli akarudi, akaja na nguruwe. Eparama, asikubali kupitwa na Sireli, akaleta nguruwe mkubwa zaidi. Akeneta alikuwa ameketi chini, anaandika mbio: nani, nini, na sokoni kinauzwaje. Na hapo hakuna aliyetaja milioni. Kila aliyepandisha bei, jirani alimshusha, na kila aliyebana, jirani alimkamua. Kaya thelathini na moja. Kisha akairudisha nguzo mahali pake kwa mikono yake, na kijiji kizima kikikagua kama imesimama wima.

Ijumaa Daktari Shalendra alizisoma fomu mara mbili. "Wanaovua karibu na mpaka wametoa zaidi. Safi sana. Umefanyaje?"

Akamweleza. Uso wa Daktari ukabadilika taratibu. Akachungulia dirishani. Chini, nguruwe wawili walikuwa wanamalizia bustani ya mkuu wa chuo.

"Akeneta! Hatuchukui vitu vya watu tunaowahoji! Virudishe vyote, la sivyo sisaini."

"Fidia ya mtani hairudishwi, Daktari. Ni matusi."

"Basi cheti nacho hakipo."

Akeneta akatoka hadi ukumbini. Kisha akapiga simu, akapiga tena, mpaka ikapokelewa kule kilimani. "Eparama? Nguruwe wako anakusalimia. Yuko hapa chuoni, anatuambia mmemkumbuka mpaka mnalia. Lakini najua wa Nasawana mji mnauogopa, hamthubutu kuja kumchukua."

Jumatatu mchana lori liliegeshwa chuoni. Watu tisa walishuka wakiimba, wakachukua nguruwe, wakachukua mikeka na kava. Kisha wakauliza mwalimu wa mtani wao anakaa wapi, kwa maana mwalimu wa mtani naye ni mtani. Lori likaondoka, Bibi Torika akipunga mkono kutoka juu ya mzigo, amekaa vizuri kwelikweli.

Daktari Shalendra alisaini cheti cha Akeneta akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani.

"Kiti changu kile," alisema hatimaye, "nitakikomboa na nini?"

"Inategemea, Daktari. Ulikuwa unakipenda kiasi gani?"